Mshale wa Kushoto Ukitoka Rodi Kopany

Homa Bay
12 Februari 1999

Mjomba Barnabas,

Salamu zangu kwako na kwa Anti Roseline na kwa kuku wake wote, hata yule jogoo aliyenikimbiza Krismasi mbele ya wageni. Mimi niko salama. Baba ameniletea habari kutoka Isebania kwamba mke wake amejifungua mtoto wa kiume, kwa hiyo sasa nina ndugu ambaye ningeweza kuwa mama yake. Huku ni joto na mbu, na samaki tunakula mpaka tunawachoka.

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida, kwa sababu Kikisii changu wewe hukicheka hadharani, na Kikuria cha Baba wewe hukitaki hata kukisikia.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua hapa ofisini kwenye mradi wa samaki tuna kompyuta iliyounganishwa na simu. Bosi ameniruhusu kuitumia Ijumaa jioni nikimaliza kupiga chapa, nami nimejifunza kutengeneza websaiti yangu mwenyewe. Nikueleze vipi? Ni kama kibanda changu. Mtu yeyote anayepita anaweza kuchungulia, awe wa hapa au wa ng'ambo, asome habari zangu. Nimeandika juu ya Isebania nilikokulia, wale wabadilisha pesa na malori ya mpakani Sirare, na jinsi mtu anavyoishi akiwa Mkuria kwa baba na Mkisii kwa mama.

Sasa wiki iliyopita alikuja fundi wa kompyuta kutoka Nairobi. Akaifungua, akaiangalia, akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Madam, hii ni website ama ni karatasi ya sabuni?" Mbele ya watu wote! Nilikasirika sana. Lakini nilipoketi peke yangu nikaona kweli haipendezi. Haina nembo. Kila mwenye websaiti ya maana ana nembo, yaani jina lake na picha yake ya kumtambulisha.

Nani atanichorea kama si wewe? Nilikoroga rangi zako miaka yote ya sekondari. Nimekuwekea ndani ya bahasha ukurasa wenyewe uliotolewa kwa printa. Sema ukweli wako wote.

Mpwa wako,
Bitutu Maroa


Migori
3 Machi 1999

Bitutu,

Tumepokea salamu. Anti yako anasema jogoo yule tulimla Sabato iliyopita, kwa hiyo uje sasa, huna kisingizio. Mimi ni mzima. Kazi ndiyo inayoumwa. Tangu wale watu wa Kisumu walete herufi za plastiki za kubandika, kila mwenye duka hapa Migori anabandika. Hata kinyozi wa nyuma ya soko, ambaye nilimchorea vichwa kumi vya mitindo kumi, amevipaka chokaa akabandika plastiki. Plastiki! Jua la mwezi mmoja limeshazikunja, na bado ananipita njiani kifua mbele. Wenye baa nao wananiambia chora chupa, na unajua mimi chupa ya pombe sichori, sikuichora nikiwa kijana na njaa, sitaichora sasa.

Basi hii ya kwako nimeifurahia. Hii ndiyo itakayowaonyesha kwamba Nyamweya bado yupo.

Lakini hiyo karatasi uliyonitumia! Umesema niseme ukweli. Bitutu, ulikoroga rangi zangu miaka minne na hukuona lolote? Umeandika kwa manjano juu ya kijani. Hayo ni matangazo ya dawa ya kupe. Huku juu umeweka dunia, huku chini umeweka moto. Moto wa nini? Mtu akiona moto kwenye kibanda anakimbia, haingii. Halafu kuna kijimtu kinachimba na sepetu kando ya maneno "bado tunajenga". Kama bado unajenga, wageni umewaitia nini? Na "Karibu" umeiandika mara tatu. Anayekaribishwa mara tatu hujua jikoni hakuna kitu.

Fundi wako wa Nairobi hana adabu, na ningekuwapo ningemweleza hivyo. Lakini macho anayo.

Sasa nijibu kama mteja, si kama mpwa. Kwanza, hiyo websaiti iko upande gani wa barabara? Pili, watu wanaisoma wakiwa mbali kiasi gani? Tatu, ukubwa gani? Nne, chini kwenye kona nitatia jina langu na sanduku langu la posta kama ninavyotia kwenye kazi zangu zote, na hilo halina mjadala.

Mjomba wako,
Barnabas Nyamweya


Homa Bay
15 Machi 1999

Mjomba,

Umenivunja mbavu! Nilisoma barua yako kwa sauti, na Shamima, binti wa mwenye nyumba wangu, akacheka mpaka chai ikamwagika. Moto nimeshautoa. Kijimtu cha sepetu kinaondoka Ijumaa. Dunia niachie kidogo, nimeizoea.

Umeniuliza kwa utani, nami nakujibu hivyo hivyo. Iko upande wa kushoto ukitoka njia panda ya Rodi Kopany, mkabala na duka la vyuma la Mzee Ahmednur ninakopanga. Wasomaji wako karibu sana, pua kwa pua. Ukubwa ni wowote unaokupendeza, mimi nitaupunguza hapa hapa kwa mashine. Na sanduku lako la posta tia.

Nisalimie Anti. Mwambie jogoo Mungu amlaze.

Bitutu


Migori
30 Mei 1999

Bitutu,

Sisi wazima. Mvua zilikuwa nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Usiangalie mwandiko, kalamu hii ni mbovu.

Mzigo wako nimempa utingo wa basi la Homa Bay leo asubuhi, ameufunga juu ya keria kwa kamba ya katani. Nimemwambia akiukwaruza asirudi Migori. Ni futi sita kwa nne, bati zito juu ya fremu ya msonobari. Mshale unaelekea kushoto kama ulivyosema.

Usiupunguze. Sikukuelewa hapo. Utaupunguza kwa msumeno?

Utundike juu, jua la asubuhi liupate.

Mjomba


Homa Bay
14 Juni 1999

Mjomba,

Salamu. Ubao umefika bila mkwaruzo. Umependeza sana. Asante sana.

Kazi imekuwa nyingi ofisini, kuna wageni. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi. Salamu kwa Anti.

Bitutu


Migori
2 Julai 1999

Bitutu,

Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mzee Nyakundi wa kanisani kwetu amefiwa na shemeji, tumetoka mazishini jana. Huko kila mtu aliniuliza umeacha kazi, nikawaambia nendeni Homa Bay mkaone.

Barua yako niliigeuza nyuma nikitafuta sehemu iliyobaki. Mistari mitano! Daktari wa ng'ombe huandika zaidi. Ule ubao umenichukua muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na huyo niliyemfanyia ananijibu kama anayekiri kupokea gunia la chumvi. "Umependeza sana." Umependeza wapi? Herufi zimependeza? Bluu imependeza? Umetundikwa juu ya nini? Mwenye nyumba amesemaje? Wapita njia wanasimama?

Na ile sura. Umeitambua? Hilo tu nijibu.

Barnabas Nyamweya


Homa Bay
20 Julai 1999

Mjomba,

Usinikasirikie, ofisini wametuzidishia. Wote huku wanakusalimu. Baba alipita akielekea Kisumu, mtoto anaota meno.

Ubao uko salama na watu wanauona kila siku, tena kwa karibu. Sura nimeitambua, Mjomba, ni mimi, ingawa umeninenepesha mashavu na jicho moja umelifungua kuliko lingine! Nilicheka. Sijui kama Homa Bay nimenenepa hivyo.

Websaiti nayo nimeisafisha. Rangi sasa ni nyeupe kwa nyeusi tu, nimeogopa makosa. Kwa muda nimeweka picha ya samaki niliyoikuta ndani ya kompyuta, iwe nembo mpaka nipate njia ya kuingiza ya kwako. Wengi wanaweka samaki, lakini ni safi.

Mpwa wako,
Bitutu


Migori
9 Agosti 1999

Kwa Bitutu Maroa,

Anayeandika ni mimi Roseline, maneno ni ya mjomba wako. Amekataa nianze kwa salamu. Mimi nakusalimu.

Anasema hivi. Alhamisi Mzee Nyakundi alipeleka ndizi Homa Bay kwa pikapu. Nilimwambia, ukitoka Rodi Kopany angalia kushoto, utaona kazi yangu. Akaangalia kushoto. Akafika mjini hajaona kitu, akageuza gari, akarudi mpaka njia panda, akaja tena akiangalia kushoto, mtu mzima mwenye ndizi zinazoiva. Hakuna. Akaingia duka la Ahmednur kuuliza. Ahmednur ni muungwana, akampa maji ya kunywa, na alipoona vumbi alilokuwa nalo akamwambia aoge kwanza nyuma kwenye ploti ya wapangaji.

Nyakundi akaingia bafuni. Akavuta mlango. Akageuka.

(Mjomba wako amesimama. Anazunguka meza. Nangoja.)

Nyakundi amekuja kwangu juzi baada ya Sabato kwisha. Amekaa, amekataa chai. Akaniambia, "Barnabas, sijui nikuambie aje. Mimi nimeoga nikiangaliwa na marehemu dada yako."

Bitutu! Sura ile si yako! Wewe nikuchoreje, sijakuona tangu Krismasi? Ile ni Bonareri. Ni mama yako, na kile kilemba chekundu alichokuwa akijifunga akienda soko la Isebania. Wewe ulikuwa mdogo alipofariki, na katika nyumba ya baba yako Maroa hakuna hata picha yake moja, wala kwangu hakuna, kwa sababu siku hizo nani alikuwa na kamera? Picha yake ilikuwa kichwani mwangu tu. Miaka yote nimekuwa nikisema nitamtoa humo, nitamtoa, nikichora warembo wa saluni na ng'ombe wa buchari. Ulipotaka picha ya kukutambulisha nikasema ndiyo hii, mtu hutambulishwa na mama yake. Nikangoja uitambue. Ukanijibu habari za mashavu.

Na umempigilia misumari awe mlango wa bafu! Uso ndani! Wapangaji wa Homa Bay wanajisugua migongo dada yangu akiwatazama! Mwanamke aliyekuwa hapiti mbele ya wanaume bila kuinamisha macho! Kama hukutaka kazi yangu ungeirudisha kwa basi lile lile. Kama ilikuchekesha ungesema, mimi nimechekwa na watu wa plastiki na sikufa. Lakini "watu wanauona kila siku, tena kwa karibu"! Hiyo uliandika kwa mkono wako, nimeiweka hapa mezani. Ulikaa ukaitunga.

Weka samaki wako. Samaki hana mama, atakufaa. Mimi usiniite tena Mjomba kwenye barua. Sikutaki mlangoni kwangu, maana mlango wako umeshautengeneza kwa dada yangu.

(Anasema niandike mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Nimekataa. Sasa ametoka nje kukaa na kuku, nami nitaongeza yangu kabla hajarudi.)

Bitutu mwanangu, hukujiuliza kwa nini ninaandika mimi? Mwezi Machi, siku chache baada ya kukujibu, mjomba wako aliamka mkono wa kulia umekufa. Mdomo ulipinda kidogo, ukarudi. Mkono haujarudi. Hashiki kikombe. Alinikataza kukuambia. Alisema ukijua utamhurumia, utasema acha, na yeye alishapokea kazi.

Ubao ule aliuchora kwa kushoto. Bati aliliweka chini sakafuni, akalala kifudifudi juu ya gunia, mimi nikimshikia kopo. Herufi ikienda upande anaifuta kwa mafuta ya taa anaanza tena. Jicho lile unalolicheka alilirudia mpaka nikamwambia Barnabas inatosha, akasema Bonareri hakuwa hivyo. Barua zake mbili za mwisho nazo aliziandika kwa mkono huo huo. Hajachora kingine tangu hapo, na daktari anasema hatachora.

Mimi sina hasira nawe kama yeye. Lakini ninayo.

Roseline


Homa Bay
17 Agosti 1999

Mjomba,

Nakuita Mjomba. Ukitaka ichane barua, jina hilo siachi.

Nisikie kwanza, halafu nami nitakasirika, kwa sababu hasira ninayo pia.

Ubao ulipofika, utingo aliushusha mbele ya ofisi, si nyumbani. Watu wakatoka kuona. Walikuwa wananijua kama mtu wa kompyuta, na hapo kuna bati la futi sita, BITUTU imeandikwa na T ya pili imelala, mwanamke wa jicho moja kubwa, na mshale, na "WEBSAITI, INGIA HAPA". Mjomba, walicheka kuliko yule fundi wa Nairobi. Nami niliona aibu. Sikuona aibu kwa ajili yako, niliona kwa ajili yangu, ila kwako ndiko nilikokopa sababu. Nikaubeba mpaka kwa Mzee Ahmednur nikauegemeza ukutani. Mlango wa bafu ulikuwa umeoza, akauliza, "Huu una kazi?" Nikasema hauna. Yeye alitaka rangi iwe nje. Mimi ndiye niliyesema uso uwe ndani, njiani wasiuone. Basi, hilo nimelisema.

Na kila asubuhi nimeoga mbele yake. Nilikuwa nageuka nyuma. Sikujua kwa nini ananisumbua yule mwanamke, nikasema ni lile jicho.

Barua yenu nilipewa ofisini. Niliisomea kwenye ngazi za ofisi, nikarudi nyumbani bila kuomba ruhusa. Nikaingia dukani kwa Mzee Ahmednur nikachukua nyundo yake mezani, sikumwambia kitu. Nikaanza kung'oa misumari. Kumbe Shamima alikuwa ndani anaoga! Alipiga mayowe mtaa mzima ukatoka, nikamrushia leso kwa juu. Mzee akaja mbio, "Wallahi, huyu mtoto amerukwa na akili, mlango wangu!" Nikamwambia, "Mzee, huyu ni mama yangu." Akauangalia ubao. Akamtazama Shamima amejifunika leso na sabuni masikioni. Akaenda stoo akatoa nguzo mbili za mkangazi alizokuwa akiziweka kwa ajili ya lango lake.

Umesimama sasa. Upande wa kushoto ukitoka Rodi Kopany, jua la asubuhi linaupata. Wanawake wa sokoni wanaopita na beseni za samaki husimama kuniuliza, "Ma en ng'a?" yaani huyu ni nani, nami nawajibu. Kuna mmoja aliyesema tuna paji moja la uso. Hakuna aliyecheka. Na angecheka, nyundo bado ninayo.

Sasa hasira yangu. Wewe ulinificha kwa nini? "Mvua zilikuwa nyingi." "Kalamu hii ni mbovu." Unaniambia mimi nilikaa nikatunga uongo, na wewe je? Miezi yote hiyo unalala kifudifudi juu ya gunia, na mimi huku nacheka T iliyolala kama mpumbavu! Ulitaka niitambue sura ambayo sijawahi kuiona tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, bila kuniambia hata herufi moja, kisha uninunie kwa kutoitambua. Hiyo si haki, Mjomba. Ungeniambia mkono umekufa ningekuja usiku huo huo kukushikia kopo. Kazi ya kushika kopo ni yangu, Anti anajua. Ulimpa kazi yangu.

Ijumaa niliazima kamera ya mradi nikaupiga ubao picha, nikaiingiza kwenye kompyuta. Samaki nimemtoa. Dunia nimeitoa. Mama ndiye nembo, yuko juu kwenye kona, ukubwa wa kidole gumba. Hivyo ndivyo nilivyomaanisha kupunguza, hakuna msumeno. Rangi za ukurasa nimezitoa kwenye bati lako, bluu yako nyuma ya kichwa na wekundu wa kilemba kwa vichwa vya habari, maandishi meusi juu ya nyeupe ili yasomeke. "Karibu" iko mara moja. Nilimpigia simu yule fundi wa Nairobi anieleze jinsi ya kuhifadhi picha, akasema, "Nitumie, nikunyooshee hizo herufi, na hilo jicho." Nikamwambia akiligusa jicho hilo nitamfuata Nairobi. Jina lako na sanduku lako la posta vinasomeka chini, nimevikuza kuliko jina langu.

Mshale sikuutupa. Ukiugusa unafungua ukurasa mwingine, ambao nimeuita Bonareri. Nakuwekea karatasi zote mbili uzione. Hiyo ya pili si printa iliyoharibika, Mjomba. Ina jina lake tu, kwa sababu sina la kuandika. Sijui alichekaje. Sijui sokoni aliuza nini. Baba nikimuuliza hujibu kwa habari za mahindi. Ulimtoa sura kichwani mwako, lakini yaliyobaki bado unayo humo, na mimi sina pengine pa kuyapata.

Ulisema sina ruhusa mlangoni kwako. Sawa, sitakuja. Njoo wewe.

Anti, nakuomba radhi. Mjomba bado sijamwomba, nitamwomba akiwa mbele yangu.

Bitutu


Migori
6 Septemba 1999

Bitutu,

Naandika mwenyewe kwa kushoto. Roseline ameondoka chumbani kwa kuwa nimemfokea akitaka kunisaidia.

Barua yako haina adabu kuanzia juu mpaka chini. Umemkatisha binti wa watu kuoga. Umeiba nyundo. Umenifokea mimi, kaka wa mama yako. Sikukufundisha hivyo, sijui umejifunza wapi, labda Roseline.

Karatasi ya kwanza nimeiona. Bluu ni ya kwangu, lakini mashine yako imeipausha, iambie. Maandishi umeyabana mno kando ya uso wake, mwache Bonareri apumue. Jina langu umelikuza kupita kiasi, watu watasema nimejisifu. Lipunguze kidogo. Kidogo tu.

Karatasi ya pili nimekaa nayo mkononi siku nyingi. Nyakundi ameiona akasema ni tupu. Nikamwambia yeye ni mtu wa ndizi.

Aliuza wimbi na vibuyu. Alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo. Yaliyobaki siwezi kuyaandika kwa mkono huu, yatamaliza mwaka.

Jumapili ijayo nitapanda basi na Roseline. Usiombe ruhusa kwa bosi, ni Jumapili. Usije stendi kunipokea, wala usimtume mtu kunishika mkono. Nitamwambia dereva aende polepole tukipita Rodi Kopany. Mimi nitakaa dirishani, upande wa kushoto, na ole wako nisipomwona dada yangu.

Mjomba